Barua Pepe za Mkunga

Kompyuta mpya ilipofika, Dereva alijiteua mwenyewe kuwa mkuu wa kazi ya kuhama. Hakuna aliyemwomba. Mkewe alikuwa amesema tu, huku akifuta vumbi kwenye ile kompyuta kubwa ya zamani, kwamba angependa barua pepe zake zihamie kwenye mpya kabla ile kuukuu haijakata roho.

"Zote?" Dereva aliuliza.

"Zote. Za miaka yote ya zahanati. Ripoti, maombi, majibu, kila kitu. Usije ukaniachia hata moja."

"Mama watoto, mimi nimehamisha mifuko mia sita ya saruji kwa siku moja. Barua pepe hazina hata uzito."

Alikuwa amestaafu kuendesha lori miaka mitano iliyopita, lakini jina lilikataa kustaafu. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kama ulivyomwita mkewe Mkunga, ingawa naye alikwishaagana na zahanati. Mkewe alikuwa na majina mawili ya kumwita: mambo yakiwa shwari alikuwa Baba watoto, na mambo yakichacha alikuwa Dereva kama kwa watu wengine.

Kazi yenyewe ilimchukua dakika nne. Alichomeka flashi, akaikamata kwa kipanya ile picha ya bahasha ya bluu iliyokuwa kwenye kioo, ile ambayo Mkunga aliibonyeza kila alipotaka kusoma barua zake, akaikokota hadi ndani ya flashi. Akaichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta mpya, akaikokota tena. Bahasha ikatua katikati ya kioo, inang'aa, utadhani ilizaliwa pale. Dereva alijipigia makofi.

Kesho yake aliifunga kompyuta ya zamani kwa kamba, akaipeleka kwa Fundi wa kompyuta karibu na kituo cha mafuta, akabadilishana naye kwa spika mbili za kusikilizia taarifa ya habari. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wiki tatu zikapita. Mkunga hakuwa na haja ya barua za kale, na spika zilinguruma vizuri mpaka majirani walijua habari za dunia kabla ya kunywa chai. Hali ilikuwa hiyo mpaka Jumanne moja asubuhi mlango ulipogongwa.

*

Aliyegonga alikuwa muuza mboga wa mtaa wa nyuma. Alifuatana na bintiye, msichana wa miaka kumi na minane ambaye kila mtu alimwita Kibiriti, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Walisalimiana, wakakaribishwa kiti na chai. Binti alikunywa. Mama hakugusa.

"Mama Mkunga," muuza mboga alianza, "huyu si ulimzalisha wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii hii. Alitoka amekunja ngumi kama mtu aliyekuja kudai chake."

"Basi huko ofisi ya usajili wanasema hajazaliwa."

Dereva alipunguza sauti ya spika.

"Nimepata nafasi chuo cha ufundi, Bibi," Kibiriti akaeleza. "Nitasomea umeme. Lakini wanataka cheti cha kuzaliwa, na mwisho wa kupeleka ni Ijumaa saa kumi. Ikipita hapo nafasi anapewa mwingine. Nikaenda usajili. Karani wa dirisha namba tatu akapekua daftari mbele nyuma, mbele nyuma, halafu akaniambia mbele ya foleni nzima, 'Dada, kwa mujibu wa daftari, wewe hujazaliwa.' Nikamwuliza, kwa hiyo foleni hii nimepanga nikiwa tumboni? Watu wakacheka."

"Na yeye?"

"Yeye aliita mtu mwingine."

Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Mkunga naye alicheka. Mama mtu peke yake hakucheka. "Msione anachekesha hivyo," alisema. "Jana alirudi akajitupa kitandani akalia mpaka akasinzia na viatu vyake. Hiyo nafasi ameitafuta miaka miwili."

Kibiriti alitazama kikombe chake.

"Madaftari ya zahanati yaliliwa na mchwa mwaka ule tuliohama jengo," Mkunga alisema taratibu, kama mtu anayepanga vyombo rafuni. "Lakini kila mwisho wa mwezi nilikuwa naandika ripoti ya kila mtoto, nawatumia usajili kwa barua pepe, na wao wananijibu kwamba wamepokea. Ripoti yako ninayo, mwanangu, na jibu lao ninalo. Hawana pa kukimbilia. Baba watoto, fungua hiyo kompyuta."

Dereva akakaa, akakunjua mikono ya shati, akaibonyeza bahasha ya bluu kwa madaha ya mtu mwenye watazamaji.

Kikatokea kidirisha cha kijivu kikasema kwamba kitu kinachotafutwa hakipatikani.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa mtu anayemdai. Kidirisha kikarudi na maneno yale yale.

"Labda imelala," alisema.

Wakampigia simu binti yao mkubwa, mwalimu wa mji mwingine, ambaye ndiye aliyewanunulia kompyuta. Mkunga aliiweka simu mezani kwenye sauti ya juu ili wote wasikie, jambo ambalo Dereva alilijutia mara moja.

"Baba, hiyo bahasha ina ukubwa gani? Ibonyeze kwa upande wa kulia, usome."

Dereva alisoma. "Kilobaiti mbili."

Kisha kikaja kicheko, kile cha mtu anayejitahidi kukizuia kwa heshima ya mzazi na kikamponyoka.

"Baba yangu jamani! Umehamisha kibao cha mlangoni, nyumba yenyewe umeiacha kulekule. Hiyo bahasha ni alama tu ya kuonyesha njia. Barua zote zimo ndani ya ile kompyuta ya zamani. Lakini haina shida, iwashe tu, nitakuelekeza hatua kwa hatua."

Muuza mboga alitazama sakafu. Mkunga aligeuza uso polepole, akazitazama zile spika mbili, moja kisha ya pili, kisha akamtazama mumewe.

"Dereva," alisema.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno mengi na bisibisi aliyoichomeka kwenye nywele. Alipowaona Dereva, Mkunga na Kibiriti wakiingia kwa mpigo, alidhani spika zimeharibika.

"Sipokei kurudishiwa, mzee. Tulikubaliana."

"Sirudishi spika. Naulizia ile kompyuta yangu. Ipo?"

"Ipo," Fundi alisema bila wasiwasi. "Ipo sehemu nne. Kioo kiko kwa kinyozi hapo jirani, wateja wanaangalia mpira. Feni yake ndiyo ile inayonipuliza. Kasha lake ndilo hili nililokalia. Na diski nimeitia kwenye boksi."

"Boksi lipi?"

Akalivuta kutoka chini ya meza kwa mguu. Lilikuwa boksi la katoni lililojaa diski mpaka juu, nyeusi na za fedha, zimepangana kama matofali madogo. Hakuna hata moja iliyoandikwa jina.

"Za wiki hizi tatu zitakuwa hapa juu," Fundi alisema akizipanga mezani. "Moja, mbili, tatu... tisa. Kulikuwa na nyingine mbili, lakini hizo nilikwishazifuta nikazitia kwenye kompyuta za wanafunzi."

"Ukazifuta?"

"Mzee, uliniletea kompyuta ukasema, nakumbuka maneno yako, 'Chukua yote, humo hamna kitu tena.'"

Fundi alimwachia Mkunga kiti, naye akaketi juu ya kasha la kompyuta yake mwenyewe, mkoba mapajani, kama abiria aliyeambiwa gari limeharibika.

Wakaanza. Kibiriti alichomeka nyaya, Fundi akabonyeza, Dereva akasimama nyuma yao akitoa jasho. Diski ya kwanza ilijaa nyimbo za bendi fulani. Ya pili haikuzunguka kabisa. Ya tatu ilifunguka kwenye picha za harusi ya watu wasiowajua, na Fundi akaifunga haraka akisema maharusi hao walikwishaachana. Ya nne ilikuwa ya duka la viatu. Ya tano, hesabu za watu. Ya sita ilitoa sauti ya kukwaruza ikanyamaza. Ya saba ilikuwa tupu, na kwa ile tupu Dereva alivuta kiti akakaa.

"Zimebaki mbili," Kibiriti alisema. Sauti yake haikuwa na utani tena.

Ya nane ilichukua muda mrefu kuamka. Kisha folda zikajipanga kwenye kioo, na Fundi akaanza kusoma majina yake kwa sauti. "Picha. Mapishi. Chuchu zilizopasuka." Akasita, akakohoa. "Samahanini wazee wangu. Hii naona ni ya watu wasio na adabu. Niifunge?"

"Usifunge!" Mkunga aliruka kutoka kwenye kasha. "Hilo ni somo langu la kunyonyesha!"

Kibiriti alipiga kelele mpaka kinyozi wa jirani akachungulia na mkasi mkononi. Fundi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka kichwani. Dereva hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakishuka kidogo kidogo kama mtu anayetua mzigo.

Lakini Fundi aliposikiliza mlio wa ile diski, kicheko kilimwisha. Akaweka sikio karibu. "Ni mgonjwa," alisema. "Barua zenu zote zimo kwenye faili moja kubwa, na faili liko kwenye sehemu iliyochoka. Nikiikimbiza itanifia mkononi. Lazima nilinyonye polepole, usiku mzima na pengine kesho pia. Halafu ile programu yenu ya zamani haipo tena siku hizi, itabidi niweke nyingine inayoweza kuzisoma. Nileteeni leo hii hiyo kompyuta yenu mpya, kisha mrudi kesho jioni."

"Kesho mimi niko hapa mlango ukifunguliwa," Dereva alisema. "Nitakaa nayo."

"Utakaa ukifanya nini?"

"Sijawahi kuacha mzigo njiani. Huu ndio wa kwanza, na umenitosha."

*

Jumatano Dereva alikaa dukani tangu saa mbili asubuhi, na chupa ya chai, na mkate aliofungiwa na mkewe. Kule kufungiwa mkate alikuchukulia kuwa dalili njema. Kule kutopakwa chochote alikuchukulia kuwa ujumbe.

Mstari wa kijani ulitembea kwenye kioo kama konokono. Ulifika nusu, ukasimama robo saa, Dereva akaacha kutafuna. Ukaendelea. Saa sita na nusu ukamalizika, na Fundi akaifungulia mlango ile programu mpya. Barua zikaanza kuingia, zikishuka kwenye kioo kama watu wanaoteremka kwenye treni: mia, mia tano, elfu. Zilipokoma zilikuwa elfu sita mia mbili na kumi na nne.

"Hesabu yako hiyo, mzee," Fundi alisema. "Hakuna aliyebaki kituoni."

Lakini Dereva, ambaye sasa alikuwa habonyezi popote bila kuuliza, aliinama akatazama kwa makini. "Mbona zote zina tarehe ya leo?"

"Hiyo ni tarehe ya kuingia hapa. Ya kweli imo ndani. Fungua moja, nenda hapa juu, chagua hapa, ona." Maandishi madogo ya kutisha yakamwagika kwenye kioo, mistari na mistari. "Hii ndiyo njia iliyopitia barua. Ilitoka wapi, saa ngapi, ikapokelewa wapi, ikapelekwa wapi."

Dereva alivaa miwani. Mambo ya kompyuta yalikuwa yamempiga chenga tangu jana, lakini hili alilielewa mara moja. Ilikuwa hati ya mzigo. Miaka thelathini na moja alikuwa amebeba hati kama hizo kwenye kisanduku cha lori, kila kituo kinagonga muhuri na kuandika saa. Alifungua nyingine mwenyewe, bila kuelekezwa, kisha nyingine, mpaka mkono ukazoea.

Fundi alikwenda kuhudumia wateja. Dereva alibaki na barua za mkewe.

Hakuwa amepanga kuzisoma. Alifungua moja kuangalia tarehe, jicho likateleza chini. *Naomba taa ya kuchaji kwa ajili ya chumba cha uzazi. Umeme ukikatika tunatumia tochi ya simu, na anayeishika anapaswa kuwa na kazi nyingine.* Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: ombi lako linashughulikiwa. Akatiwa moyo aendelee. Mwezi uliofuata aliomba tena, kwa adabu ile ile. Ombi lako linashughulikiwa. Dereva alihesabu maombi tisa na majibu tisa. La kumi lilikuwa fupi: *Msihangaike tena. Taa nimenunua mwenyewe. Sasa naomba glavu.*

Alivua miwani akaifuta. Aliukumbuka mwaka ule. Ndio mwaka waliotaka kubadilisha mapazia ya sebuleni, kisha Mkunga akasema ameyachoka kuyafikiria, hayo ya zamani bado yana nguvu. Yeye alikuwa amefurahi tu kwamba ameepuka gharama.

Aliendelea kusoma mpaka chai ikapoa. Pacha watatu. Mama aliyeletwa kwa toroli la ujenzi. Mtoto aliyechelewa kulia, kisha mstari mzima wa nukta, kisha neno *amelia*. Kuna asubuhi nyingi alizokuwa amemwona mkewe akirudi, akivua viatu mlangoni, akiuliza kama kuna maji ya moto, naye akimwonyesha birika na kurudi kwenye gazeti lake.

Mkunga alipokuja kumfuata saa kumi jioni alimkuta amekaa wima mbele ya kompyuta.

"Zimekuja?"

"Zote. Hata moja haijabaki." Akasita. "Kwa nini hukuniambia habari ya taa?"

Mkunga alimtazama kwa mshangao. Ilimchukua muda kukumbuka ni taa gani. "Ungefanya nini?"

"Ningenunua."

"Basi ungenunua kwa mfuko ule ule," Mkunga alisema, akaketi kando yake. "Sogea. Nitafutie mwezi aliozaliwa Kibiriti."

*

Alhamisi asubuhi walipanga foleni dirisha namba tatu, wanne wote: Mkunga na karatasi alizochapa, muuza mboga na Kibiriti, na Dereva na kompyuta aliyoifunga kwa taulo, akaikumbatia kifuani kama mtu anayempeleka mtoto kupimwa uzito. Kioo cha dirisha kilikuwa na tundu dogo chini sana, hivyo kila mwenye shida alilazimika kuinama kabla ya kusema neno.

Karani alimtambua Kibiriti. "Umerudi."

"Nimerudi na aliyenizaa na aliyenipokea. Ukitaka na aliyenipa jina nitamleta."

Mama yake alimfinya. Mkunga akainama, akapitisha karatasi. Karani alizisoma kwa kidole, akarudi juu kabisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza, na halikuwa tabasamu zuri.

"Mama, hii imeandikwa jana."

"Tarehe hiyo ni ya..."

"Ni ya jana. Mtu hawezi kukaa nyumbani Jumatano akaandika kwamba Fulani alizaliwa miaka kumi na minane iliyopita, akaniletea Alhamisi. Kama ni hivyo, hata mimi nitajiandikia kwamba nimezaliwa tajiri." Akairudisha karatasi kwenye tundu. "Anayefuata."

Foleni ilicheka. Mkunga, aliyewahi kuamrisha vyumba vizima vya watu wanaopiga kelele, alibaki ameinama pale, karatasi mkononi, uso umemshuka. Dereva hakuwahi kumwona hivyo. Alimwondoa kwa kumshika bega, akaweka kompyuta kwenye ubao wa dirisha, akaifungua taulo.

"Kijana," alisema, "mimi nilikuwa naendesha lori. Mzigo ukiandikwa tarehe ya siku uliyoupokea, haina maana umetengenezwa siku hiyo. Unatazama hati ya njiani. Naomba dakika mbili. Nikishindwa, naondoka mwenyewe bila kufukuzwa."

"Mpe dakika mbili!" mtu alisema kwenye foleni.

Dereva alibonyeza juu, akachagua, na yale maandishi madogo yakamwagika. Akageuza kioo kimtazame karani. "Hapa ndipo ilipotoka. Siku, mwezi, mwaka, saa. Hapa imepita. Hapa imepita tena. Na hapa imepokelewa. Soma mwenyewe hiyo anwani ya waliopokea."

Karani alisoma. Ilikuwa anwani ya ofisi yake.

"Sasa hili ni jibu lenu, siku mbili baadaye. 'Imepokelewa.' Na chini yake mmeweka namba ya kumbukumbu. Namba hiyo sikuitunga mimi, maana mimi mpaka juzi nilikuwa sijui hata flashi inaingizwa upande gani."

Karani aliinuka, akaingia ndani na namba ameiandika kwenye kiganja. Alikaa muda mrefu. Kibiriti aliuma kucha za mkono mmoja, akahamia wa pili. Hatimaye karani alitoka akifuatana na Msajili mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amebeba jalada lililojaa vumbi hadi likamchafua blauzi.

"Mkunga ni nani hapa?" Msajili aliuliza.

"Mimi."

"Samahani, mama." Alisema hivyo kwanza, kabla ya lolote. "Orodha yako tuliichapa, tukaitia kwenye jalada, na hakuna aliyeiingiza kwenye daftari. Mwezi mzima. Watoto kumi na mmoja." Akamgeukia Kibiriti. "Wewe ni wa nne. Tutakusajili leo hii. Usajili wa kuchelewa unahitaji mashahidi wawili waliokuwepo siku hiyo, mbali na mama. Wa kwanza ni mkunga. Wa pili?"

Furaha iliyokuwa imeanza kuwatawala ikasimama. Muuza mboga alihesabu kwa vidole. Mama yake mzazi alikuwepo, ni marehemu. Jirani alikuwepo, alihama na hajulikani alipo. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo, hakuna mwingine aliyefika.

"Kesho ndio mwisho chuoni," Kibiriti alisema, bila kumlenga mtu.

"Tuanze kujaza kwanza, huenda mtakumbuka," Msajili alisema. "Karani, msomee ripoti, mimi naandika."

Karani akaisogeza ile kompyuta, akasoma kwa sauti ya ofisini. "Jina la mama, lipo. Saa ya kuzaliwa, kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Uzito, kilo mbili na nusu. Hali ya mtoto, nzuri, ana sauti kali. Hali ya mama, nzuri. Mahali, nyumbani kwa mama. Usafiri wa mkunga..." Akasimama. Akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. "'Lori la saruji hadi darajani. Daraja limefunikwa na maji. Kuanzia hapo, mgongoni.'"

"Mgongoni?" Msajili aliinua kichwa. "Mgongoni mwa nani?"

"Imeandikwa hapa. 'Mgongoni mwa mume wangu. Amesubiri nje hadi mwisho.'"

Foleni nzima ilicheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. Mkunga, ambaye naye ndiyo kwanza amekumbuka, alikuwa ameelekeza kidole kwa mumewe bila kumtazama, akijifanya kusoma tangazo ukutani.

Dereva alisahau kufunga mdomo. Alikuwa ameisahau siku hiyo kabisa, kama alivyosahau mizigo mingine elfu. Sasa ilimrudia yote kwa pamoja: maji ya mapajani, mikono ya mkewe imemkaba shingo, mkoba wa vifaa ameung'ata kwa meno, na Mkunga masikioni mwake akimwambia kulia, kushoto, kulia, mpaka yeye, mkoba kinywani, akamwuliza hapa dereva ni nani.

"Ulikuwepo, mzee?" Msajili aliuliza.

"Nilikuwepo. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma, nakwangua matope miguuni kwa kijiti. Nikasikia mtoto analia."

"Unaweza kutia sahihi kwamba ulisikia?"

"Bibi, ningeweza kutia sahihi hata nikiwa mtaa wa pili."

Akatia. Saa saba mchana cheti kilitoka kwenye mashine kikiwa bado cha moto. Msajili akakigonga muhuri, na karani wa dirisha namba tatu akakipitisha kwenye tundu kwa mikono miwili.

"Hongera kwa kuzaliwa," alisema, na sasa alicheka naye.

Kibiriti hakungoja hata kuaga vizuri. Alipiga magoti haraka mbele ya wazee wake, akainuka, akamkumbatia Mkunga, akamkumbatia Dereva, na kompyuta ikiwa katikati yao. Akafika mlangoni, akageuka.

"Babu! Nilikuwa nalia vipi siku hiyo?"

"Kwa hasira," Dereva alijibu. "Kama mtu aliyekuta foleni."

Msichana akatoka mbio kuelekea chuoni, mama yake akimfuata nyuma akimpigia kelele akiangalie hicho cheti kisikunjike. Mkunga alikuwa amekwisharudi dirishani. Alikuwa ameinama tena kwenye lile tundu, lakini safari hii Msajili naye alikuwa ameinama upande wa pili, na wanawake hao wawili walikuwa wanaandika majina ya watoto kumi waliobaki, mmoja mmoja, wakibishana ni nani alihamia wapi.

"Baba watoto," Mkunga aliita bila kugeuka, "lete hiyo kompyuta. Na uvute kiti, hapa hatutoki leo."